Salfa haipotei, swali ni nani anayeidaka

Kwenye foleni ya malori pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kuna shehena moja ambayo huhitaji kumuuliza dereva amebeba nini. Turubai limefungwa kamba hadi chini, lakini kwenye kingo za bodi, na juu ya lami kati ya matairi, zimetapakaa chembe za njano ndogo kama punje za mtama. Hiyo ni salfa. Imeshushwa bandari ya Dar es Salaam, nyingi yake ikitokea Ghuba, na inaelekea Zambia na Kongo kwenye migodi ya shaba na kobalti. Wakulima wa Mtwara na Lindi wanaijua kwa sura nyingine: unga wa njano unaopuliziwa mikorosho inapotoa maua, ili ubwiriunga usimalize mavuno. Wazee waliiita kiberiti, na jina hilo ndilo lililobaki kwenye kisanduku cha njiti tunachonunua dukani.

Washa njiti moja. Ile harufu kali inayokupanda puani katika sekunde ya kwanza, ukageuza uso, ni dioksidi ya salfa: salfa iliyokutana na moto. Kilo moja ya salfa ikiungua inatoa kilo mbili za gesi hiyo, kwa kuwa oksijeni inayoungana nayo ina uzito sawa na wake. Njiti haimdhuru mtu. Tanuri la kuyeyushia shaba, boila inayochoma mafuta mazito na meli iliyotia nanga hutoa gesi hiyohiyo kwa tani.

Tumezoea kuuzungumzia moshi kana kwamba ni kodi ya lazima ya maendeleo. Anayetaka ajira na umeme avumilie kikohozi. Salfa inauvunja ujinga huo vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Haiozi wala haiishi. Ikishatoka ardhini ndani ya mafuta, makaa ya mawe au jiwe la shaba, ni lazima idakwe mahali: kiwandani kabla haijaungua, kwenye bomba ikishaungua, au kwenye koo la mtoto, bati la nyumba na udongo wa shamba. Sheria zote za kupunguza gesi hii duniani, ukizichambua, zinaamua nani aidake na kwa gharama ya nani. Katika ukanda wetu maamuzi hayo hufanywa na watu wachache kwenye milango michache, ndiyo maana nasema kazi hii tunaiweza.

Kwanza, mwilini inafanya nini. Gesi hii huyeyuka haraka kwenye majimaji. Ikiingia puani inakutana na unyevu wa pua na koo, inageuka tindikali hapohapo, na njia ya hewa inajibana. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa kifua ndani ya dakika chache. Ile isiyovutwa papo hapo husafiri na upepo, inageuka chembe laini za salfati zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, au inashuka na mvua ikiwa tindikali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha mikrogramu 40 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, ikiwa ni wastani wa saa 24. Ni kiasi kidogo sana, na mtu anaweza kuishi juu ya kikomo hicho mwaka mzima bila kunusa chochote cha kumtisha.

Wanaoinusa kila siku wameipa jina. Katika mtaa wa Kankoyo mjini Mufulira, upande wa Zambia, karibu na mpaka wa Kongo, watu wanaiita senta. Tanuri la Mufulira lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1937. Jiwe la shaba la pale lina salfa ndani yake. Ukiliyeyusha, salfa inaachana na shaba na kutoka na moshi, na kwa miaka mingi moshi wote ulielekezwa juu na kuachwa uende. Mtaa umejengwa pale upepo unapoushusha. Mabati yaliliwa na kutu, na bustani za mboga zikashindwa kuota kwenye udongo uliojaa tindikali. Lubumbashi, upande wa Kongo, ina kovu kama hilo. Tanuri lake liliwashwa mwaka 1911, na kaskazini-magharibi mwa mji, uelekeo ambao upepo wa kusi hupeleka moshi, msitu wa miombo ulikufa, ikabaki ardhi tupu yenye nyasi chache zinazovumilia shaba.

Sasa rudi kwenye lile lori la Tunduma, kwa maana hapa ndipo jambo hili linaponiuma. Migodi mingi ya Likasi na Kolwezi, huko huko Kongo, haiyeyushi jiwe kwa moto. Inalisaga na kuliloweka kwenye tindikali ya salfa ili shaba na kobalti zitoke. Tindikali hiyo inahitajika kwa wingi mno, kwa hiyo wananunua salfa ng'ambo, wanaisafirisha kwa meli hadi Dar es Salaam, wanaipakia kwenye malori yanayokwenda zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, na ikifika wanaichoma kwa makusudi ili wapate dioksidi ya salfa, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ya kutengeneza tindikali. Tani moja ya salfa inatoa takriban tani tatu za tindikali. Yaani gesi ambayo tanuri moja liliitupa angani juu ya watoto wa Kankoyo, kiwanda kingine cha ukanda uleule kilikuwa kikiinunua kutoka upande wa pili wa bahari.

Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuitupa. Mufulira yenyewe ilithibitisha hilo. Tanuri jipya na mtambo wa tindikali vilivyofungwa katikati ya miaka ya 2000 vilianza kudaka kama nusu ya gesi, na baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 2014 udakaji ukapanda hadi zaidi ya asilimia 95. Watu wa Kankoyo walikuwa wamesubiri tangu 1937. Karibu na Kolwezi, tanuri la mgodi wa Kamoa-Kakula lililojengwa kuzalisha tani 500,000 za shaba kwa mwaka limepangwa kuzalisha pia hadi tani 700,000 za tindikali, na migodi ya jirani ni wateja walio tayari. Moshi umekuwa bidhaa yenye bei. Tajiri anayejenga tanuri leo hana sababu ya kuambiwa kwa upole adake gesi yake, anaiuza. Wanaohitaji kusukumwa ni wenye matanuri ya zamani, na wale ambao mtambo wa tindikali ukiharibika huendelea kuyeyusha shaba huku gesi ikitoka bure. Ningependa leseni ya tanuri iseme kwa maneno mafupi kwamba mtambo wa tindikali ukisimama, tanuri nalo lisimame.

Salfa yenyewe ya Ghuba inatoka wapi? Sehemu kubwa inatolewa ndani ya gesi asilia na mafuta ghafi yanaposafishwa. Dizeli hupitishwa kwenye haidrojeni yenye joto na mgandamizo mkubwa, mbele ya kichocheo kilichotengenezwa kwa molibdeni na kobalti, na salfa inaachana na mafuta. Ndiyo, kobalti ileile ambayo Kongo inachimba kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Madini ya Kolwezi husaidia kutoa salfa kwenye dizeli ya dunia, na salfa hiyo hupita Tunduma kurudi Kolwezi kuchimbua kobalti nyingine. Sisi tuliokaa katikati ya mzunguko huu tunastahili kunufaika nao walau kwa hewa safi.

Na mara moja tulinufaika kweli. Tarehe 1 Januari 2015 nchi tano zilizokuwa wakati huo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kimoja cha dizeli: salfa isizidi sehemu 50 katika milioni. Kabla ya hapo tulikuwa tukikubali 500 na zaidi. Kwa hesabu ya jikoni, lori lenye tangi la lita 400 za dizeli ya 500 hutoa kama gramu 340 za dioksidi ya salfa likimaliza tangi hilo. Kwa dizeli ya 50 ni gramu 34. Hakuna dereva aliyebadilisha injini wala mwenye daladala aliyeitwa semina. Mafuta yaliyoshuka melini yalikuwa tofauti, basi.

Naliona hili kuwa moja ya mambo mazuri zaidi ambayo Jumuiya imewahi kufanya, na halitajwi hata kwenye hotuba za sherehe. Liliwezekana kwa sababu moja isiyopendeza kuitaja. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichokuwa kimezeeka na kingehitaji fedha nyingi ili kitoe dizeli yenye salfa kidogo, kilisimama mwaka 2013. Cha Kigamboni kilikuwa kimeshageuka ghala. Ajira zilipotea na hilo ni chungu, lakini tangu hapo kanda nzima ikawa mnunuzi wa mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na mnunuzi huchagua. Kwa ununuzi wa pamoja, ambao Tanzania iliuanza mwaka 2012, kiwango kikiandikwa kwenye zabuni hakuna mwagizaji mdogo anayeweza kupenya pembeni na meli yake.

Asiyeandika kiwango huletewa yaliyokataliwa kwingine. Mwaka 2016 shirika la Uswisi la Public Eye lilichapisha vipimo vya mafuta yaliyochukuliwa vituoni katika nchi kadhaa za Afrika, nyingi zikiwa za magharibi, na kulikuwa na dizeli iliyofikia mara 378 ya kikomo cha Ulaya cha sehemu 10. Wafanyabiashara hawakuvunja sheria za nchi hizo, sheria ziliruhusu. Ghana ilibadilisha kiwango chake mwaka uliofuata, na mafuta safi yakaja kwenye bandari zilezile.

Kiwango cha bandarini hakitoshi ikiwa njiani kuna uchakachuaji. Neno hilo tulilipenda sana Tanzania mpaka likahamia kwenye siasa, lakini tulianza nalo kwenye mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli kubwa, na mwenye ghala asiye na haya akachanganya. Tuliitazama kama wizi wa kodi na uharibifu wa injini. Ilikuwa pia njia ya kuirudisha salfa. Mafuta ya ndege, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, yanaruhusiwa kimataifa kuwa na salfa hadi asilimia 0.3, yaani sehemu 3,000. Changanya lita 10 za aina hiyo na lita 90 za dizeli ya 50, utapata mchanganyiko wa karibu 345, mara saba ya kiwango. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba kwenye mafuta, yaani kemikali ya alama inayofichua mchanganyiko, kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo yake ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Hatua hizo ziliua faida ya kuchanganya. Pia ziliwaumiza wenye koroboi na majiko ya mchina, na wengi wao wakarudi kwenye mkaa. Nisingependa mtu aliandike hili kama ushindi mtupu.

Melini nako kumebadilika. Tangu Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari limeshusha kikomo cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Tani moja ya mafuta ya zamani ingeweza kutoa kilo 70 za dioksidi ya salfa. Ya sasa ni kilo 10. Kwa watu wa Likoni na Kurasini, wanaoishi jirani na bandari za Mombasa na Dar es Salaam, hiyo ni nafuu kubwa iliyokuja bila wao kupiga kelele. Kuna meli zilizochagua kuendelea na mafuta machafu na kuosha moshi kwa maji ya bahari, kisha maji hayo wanayamwaga baharini. Bandari nyingi duniani zimekataza kumwaga maji hayo ndani ya maji yao, na sisi wenye matumbawe na mikoko hatuna sababu ya kuwa wapole zaidi yao.

Shimo kubwa lililobaki liko nyuma ya kuta za viwanda, na hapa nina kisa changu. Tulipanga nyumba kwa miaka mitatu nyuma ya kiwanda kimoja chenye boila. Alfajiri, wakiwasha, bomba lilikohoa moshi mweusi wenye mafuta kwa kama nusu saa. Mama mwenye nyumba alitukataza kuanika usiku. Nilidhani ni habari ya wezi, mpaka asubuhi moja mke wangu akanionyesha kanga aliyoisahau kwenye kamba. Ilikuwa na madoa meusi madogo, na kila doa ukilikwaruza kwa ukucha lilitoka na uzi, likaacha kitobo. Ilikuwa masizi yenye tindikali. Binti yetu alikuwa na pumu, na tulikuwa tukimwekea pampu ya dawa chini ya mto. Hatukuwahi kuthibitisha kwamba bomba lile ndilo lililokuwa likimbana, kwa sababu hakukuwa na kipimo chochote mtaani. Kitobo kwenye kanga ndicho kipimo pekee tulichokuwa nacho.

Mafuta mazito ya boila na ya jenereta kubwa yanaweza kuwa na salfa ya asilimia 2 au 3. Asilimia 3 ni sehemu 30,000 katika milioni, mara 600 ya ile tunayomruhusu mwenye bodaboda ya dizeli, kama ingekuwepo, au mwenye Fuso. Tumembana anayetembea barabarani tukamwachia aliyejenga ukuta. Naelewa ilivyotokea: dizeli ina kituo, ina bei inayotangazwa, na kila mtu anaijua, ilhali mafuta mazito huuzwa kwa mkataba kati ya kampuni mbili. Lakini tiba yake ni rahisi kuliko tuliyoiweza mwaka 2015, kwa kuwa wateja ni wachache. Kiwanda kinaweza kuhamia gesi asilia palipo na bomba, kama vilivyofanya viwanda vingi vya Dar es Salaam, na gesi ya Songo Songo haina salfa ya kutajika. Pasipo na bomba, mafuta mepesi yenye salfa kidogo yapo sokoni. Yanagharimu zaidi, ni kweli, na tofauti ya bei leo inalipwa na jirani dukani kwa mfamasia.

Makaa ya mawe ni habari ya aina yake. Mwaka 2019 baraza la mashauri ya mazingira la Kenya lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa cha megawati 1,050 kilichotakiwa kujengwa Lamu, na nilifurahi. Wapo wanaosema moshi ungeoshwa. Unaweza kuoshwa: unanyunyiziwa tope la mawe ya chokaa, gesi inaungana na chokaa na kuwa jasi, ileile inayotengenezewa dari za nyumba zetu. Marekani, kwa sheria ya 1990 iliyoweka kikomo cha jumla na kuacha mitambo iuziane vibali, imepunguza gesi hii kwenye vituo vyake vya umeme kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini tazama Kusile, Afrika Kusini. Ndicho kituo cha kwanza cha Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, kilichofungiwa mtambo wa kuosha salfa. Oktoba 2022 njia ya moshi ilianguka, nchi ilikuwa gizani kwa mgao, na mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mitambo mitatu irudi kazini kwa mabomba ya muda yasiyopita kwenye uoshaji. Siwalaumu kirahisi, hospitali pia zilihitaji umeme. Nasema tu kwamba kinga iliyofungwa mwishoni mwa bomba ndiyo ya kwanza kuzimwa siku ya shida, na salfa ambayo haikuingia kabisa kwenye tanuri haina swichi.

Kuna wanaotupa mzigo kwa milima. Nyiragongo na Nyamulagira, juu ya Goma, ni miongoni mwa volkano zinazotoa dioksidi ya salfa kwa wingi kabisa duniani, na watu wa vijiji vya upande wa magharibi, ambako upepo hupeleka moshi, hukinga mvua yenye tindikali kwenye mapaa yao. Mlima hauna leseni ya kufutwa. Hata hivyo unapimwa. Waangalizi wa volkano wa Goma wana vifaa vyao, na setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Oktoba 2017 hupita juu yake kila siku ikiangalia wingu la gesi. Leo tunaweza kueleza pumzi ya Nyiragongo ya wiki iliyopita kuliko pumzi ya bomba lililo nyuma ya nyumba niliyopanga. Tanzania ina kanuni za ubora wa hewa tangu 2007, Kenya tangu 2014. Zina namba za dioksidi ya salfa ndani yake. Kanuni bila kifaa cha kupimia mtaani zinamwachia mama mwenye nyumba kazi ya kutangaza saa za kuanika nguo.

Vifaa vya kupima hewa vina gharama na vitachukua muda. Kipimo cha salfa kwenye mafuta tayari kipo. Kila shehena inayofika Dar es Salaam au Mombasa hupimwa kabla haijapokelewa, na kiasi cha salfa huandikwa kwenye cheti kinachosomwa na watu wachache bandarini kisha kikawekwa kwenye faili. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hufanya hivyo Kenya. Nchi nzima husimama kuangalia petroli imepanda shilingi ngapi. Kwenye jedwali hilohilo kuna nafasi ya safu moja zaidi: salfa iliyopimwa kwenye dizeli ya mwezi huo, na chini yake mstari wa mafuta mazito, yakiwa na namba yake na majina ya maeneo ya viwanda yaliyouziwa.